Northern League: Miaka 135 ya Soka la Nyumbani, 1889–2024

Mwezi Machi 2024 ligi ya kandanda iitwayo Northern League ilitimiza miaka 135. Kati ya ligi zote za soka zilizo hai duniani, ni moja tu inayoizidi umri, nayo ni Football League ya Uingereza iliyoanza 1888. Maelfu ya Waafrika Mashariki hujazana kwenye vibanda umiza kila wikiendi kuitazama Newcastle United, lakini wachache wanajua kwamba kabla ya kuitwa jina hilo klabu hiyo ilikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi hii ya kaskazini-mashariki, ikigombea pointi na timu za miji ya makaa ya mawe na chuma. Middlesbrough nao ni hivyo hivyo.

Ligi ilizaa vigogo, ikawaaga, ikaendelea na safari yake. Viongozi wake, kizazi baada ya kizazi, walipopewa nafasi ya kujiunga na mfumo mkubwa zaidi mara nyingi waliamua kubaki nyumbani: mechi za karibu, wapinzani wanaofahamiana, nauli inayolipika. Uamuzi huo uliipa ligi nguvu na pia uliigharimu, na historia ya haki haina budi kuandika pande zote mbili.

Haja iliyoizaa, 1888–1890

Football League ilipoanza 1888, klabu zake 12 zote zilitoka Lancashire na maeneo ya kati ya Uingereza. Kaskazini-mashariki, eneo la mito Tyne, Wear na Tees, halikuwa na hata moja. Klabu za huko zilibaki na mechi za kirafiki na za vikombe, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Ukitolewa kwenye kombe mapema, mapato yamekwisha. Ukiandaa mechi ya kirafiki, mgeni anaweza asitokee kabisa kwa kuwa amepata mwaliko mnono kwingine, na watu waliokuja na viingilio vyao wanarudi nyumbani. Hakuna mhasibu wa klabu anayeweza kupanga bajeti kwa hali hiyo.

Mhandisi mmoja wa Darlington, Charles Samuel Craven, aliitisha mkutano katika hoteli ya Three Tuns mjini Durham tarehe 25 Machi 1889. Hoja ilikuwa nyepesi: ziwepo timu zinazojulikana, kila moja icheze na kila nyingine nyumbani na ugenini, na tarehe zipangwe mapema. Klabu kumi zilianzisha ligi: Auckland Town, Birtley, Darlington, Darlington St Augustine's, Elswick Rangers, Middlesbrough, Newcastle East End, Newcastle West End, South Bank na Stockton.

Mpango wa nyumbani na ugenini uliwezekana kwa sababu ya reli. Hapa ndipo ilipofunguliwa, mwaka 1825, reli ya Stockton na Darlington, reli ya umma ya kwanza duniani kutumia garimoshi la mvuke. Miaka sitini na kitu baadaye njia zake zilikuwa zimesambaa hadi vijiji vya migodi, na timu iliweza kusafiri Jumamosi mchana, ikacheza na ikarudi kabla ya usiku kuwa mwingi.

Msimu wa kwanza ulianza Septemba 1889. Kila timu ilicheza mechi 18, na ubingwa ukaenda kwa Darlington St Augustine's, klabu ya Wakatoliki wa mji huo.

Vigogo wanaondoka, 1890–1906

Miaka iliyofuata ilikuwa ya Middlesbrough Ironopolis, timu ya kulipwa iliyoanzishwa kushindana na Middlesbrough wenyewe katika mji uleule wa viwanda vya chuma. Ironopolis walitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1891, 1892 na 1893, wakakaribishwa daraja la pili la Football League. Walidumu huko msimu mmoja tu. Gharama ziliwazidi, na mwaka 1894 klabu ikavunjika. Kisa chao kilibaki kumbukumbuni kwa miaka mingi, kwa sababu swali walilokutana nalo limeirudia ligi hii mara kwa mara: kupanda ni sawa, lakini nani analipa?

Newcastle ilikuwa na timu mbili kwenye ligi. West End walifilisika 1892, na East End wakahamia uwanja wa wapinzani wao hao, St James' Park. Desemba mwaka huohuo wakachukua jina la Newcastle United, na 1893 wakaingia Football League. Middlesbrough walibaki kidogo zaidi. Wakiwa bado Northern League walichukua Kombe la Ridhaa la FA mara mbili, 1895 na 1898, kisha 1899 nao wakageuka klabu ya kulipwa na kuondoka.

Ligi nyingi za zama hizo zilikufa vigogo walipohama. Hii haikufa, na sababu yake kubwa ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 iliamua wazi inataka kuwa nini: ligi ya ridhaa. Wachezaji wake wangekuwa wachimba makaa, wafua vyuma, walimu na makarani wanaocheza bila mshahara. Stockton na Bishop Auckland ndio walioanza kung'ara katika sura hiyo mpya. Bishop Auckland, klabu ya mji lilipo kasri la askofu wa Durham, walikuwa wameshalichukua Kombe la Ridhaa 1896, wakalirudia 1900.

Wachimba makaa mjini Torino, 1909 na 1911

Jina la Lipton linajulikana katika kila nyumba inayochemsha chai Afrika Mashariki. Mwenye jina hilo, Sir Thomas Lipton, mfanyabiashara aliyezaliwa Glasgow, alitoa kombe mwaka 1909 lishindaniwe Torino na timu za Italia, Ujerumani, Uswisi na Uingereza. Chama cha soka cha Uingereza kilikataa kupeleka timu. Nafasi ikaangukia West Auckland, timu ya wachimba makaa kutoka kijiji kilicho kando ya Bishop Auckland, mwanachama wa Northern League. Namna walivyochaguliwa imezungukwa na hadithi. Ile inayopendwa zaidi inadai barua ilikusudiwa Woolwich Arsenal, ila herufi za mwanzo W na A zikamchanganya karani. Hadithi hiyo haijawahi kuthibitishwa, na timu haihitaji hadithi ili iheshimiwe.

Watu hao waliacha ujira wao mgodini na kujichangia nauli. Waliwafunga Stuttgart 2–0 katika nusu fainali, kisha Winterthur ya Uswisi 2–0 katika fainali. Miaka miwili baadaye walirudi kutetea kombe lao. Tarehe 17 Aprili 1911 waliwafunga Juventus mabao 6–1.

Kwa kushinda mara mbili waliruhusiwa kulichukua kombe moja kwa moja. Lakini safari ilikuwa imewaachia deni, na ili kulilipa waliliweka kombe rehani kwa pauni 40 kwa bibi mwenye hoteli ya kijijini. Klabu ikatoka kwenye ligi 1912. Kombe lilikombolewa mwaka 1960, karibu nusu karne baadaye, kwa pauni 100. Januari 1994 likaibwa kutoka klabu ya wafanyakazi ya kijiji lilikokuwa likioneshwa, na hadi leo lililopo ni nakala iliyotengenezwa kufuatisha lile la awali.

Katika kikosi cha 1909 alikuwamo Jack Greenwell, mchezaji wa Crook Town aliyeazimwa kwa safari hiyo. Baadaye Greenwell alikwenda Hispania, akaichezea Barcelona, kisha akaifundisha kuanzia 1917. Crook, mji mdogo wa migodi ambao mtu anaumaliza kwa miguu muda si mrefu, ulicheza mechi kadhaa Barcelona miaka hiyo kwa sababu yake. Mwaka 1939 Greenwell aliiongoza Peru kuchukua ubingwa wa Amerika Kusini.

Enzi ya ridhaa, 1919–1974

Vita Kuu ya Kwanza ilisimamisha ligi, na iliporudi ilikuta mikoa ya makaa ikielekea kwenye umaskini. Mgomo wa 1926 na mdororo wa uchumi uliofuata viliacha vijiji vizima bila kazi. Shildon, mji wa karakana za reli, walichukua ubingwa mara nne mfululizo kati ya 1934 na 1937, katika miaka ambayo kiingilio cha uwanjani kilikuwa uamuzi mzito kwa baba wa familia.

Umaskini huo ulizaa doa ambalo ligi haiwezi kulificha. Wachezaji wa ridhaa walikuwa wakipewa pesa kimyakimya, zikitumbukizwa ndani ya kiatu baada ya mechi. Mwaka 1928 uchunguzi ulioanzia Crook Town ulisambaa kaunti nzima ya Durham, na mamia ya wachezaji wakafungiwa. Sheria ilivunjwa, hilo halina ubishi. Lakini mtu asiye na kazi aliyepokea shilingi chache baada ya kucheza dakika 90 kwenye tope la Januari si wa kuhukumiwa kwa ukali. Waliozitunga kanuni hizo hawakuwahi kulala njaa kwa sababu yazo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukafika wakati ambao wazee wa eneo hilo bado wanausimulia. Mwaka 1950 timu mbili za Northern League, Willington na Bishop Auckland, zilikutana katika fainali ya Kombe la Ridhaa pale Wembley, na Willington wakashinda 4–0. Miji hiyo miwili imetengana kwa maili chache tu.

Mwaka 1954 ikawa zamu ya Crook Town na Bishop Auckland, majirani wengine. Watu 100,000 walijaa Wembley wakaona sare ya 2–2. Mechi ikarudiwa St James' Park, Newcastle: sare tena, 2–2. Mara ya tatu ikachezwa Ayresome Park, Middlesbrough, na Crook wakashinda 1–0. Ukijumlisha mechi tatu, karibu watu 200,000 walilipa kuwatazama wachezaji ambao Jumatatu asubuhi walikuwa kazini kama kawaida.

Bishop Auckland hawakukata tamaa. Mwaka 1955 waliwafunga Hendon 2–0. Mwaka 1956 walitoka sare ya 1–1 na Corinthian-Casuals, wakawafunga 4–1 katika marudiano. Mwaka 1957 waliwafunga Wycombe Wanderers 3–1. Makombe matatu mfululizo, jambo ambalo hakuna klabu nyingine iliyoliweza katika historia ya Kombe la Ridhaa. Kwa jumla Bishop walilichukua mara kumi, na ubingwa wa Northern League mara 19. Rekodi zote mbili bado ni zao.

Mhimili wa kikosi hicho alikuwa Bob Hardisty, mwalimu wa mazoezi ya viungo, aliyeichezea timu ya Uingereza katika Olimpiki za 1948, 1952 na 1956. Mwaka 1948 kocha wa timu hiyo ya Olimpiki alikuwa Matt Busby wa Manchester United, na urafiki uliojengwa hapo ulikuja kuzaa matunda wakati wa msiba. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyowabeba Manchester United ilianguka Munich. Watu 23 walifariki, wanane kati yao wachezaji. Klabu ilihitaji watu wa kuvaa jezi ili timu ya akiba iendelee kucheza wakati vijana wake wakipandishwa kikosi cha kwanza. Bishop Auckland waliwatoa watatu: Hardisty, ambaye miguu yake ilikuwa imeshachoka kwa umri, Derek Lewin na Warren Bradley. Bradley, ambaye pia alikuwa mwalimu, alibaki Old Trafford, akapanda hadi kikosi cha kwanza, na 1959 akaitwa timu ya taifa ya wakubwa katika msimu uleule aliochezea ile ya ridhaa. United hawakusahau. Mwaka 1996 Bishop walipokuwa hatarini kufilisika, Manchester United walipeleka kikosi kucheza mechi ya kuwachangia fedha.

Ligi ya miaka hiyo ilikuwa pia shule. Billingham Synthonia, timu ya kiwanda cha kemikali kandokando ya mto Tees, ilipata jina lake kutokana na mbolea iliyotengenezwa humo, na kijana mmoja aliyepita hapo kabla ya kwenda Middlesbrough aliitwa Brian Clough. Frank Clark alichukua Kombe la Ridhaa na Crook Town 1962. Mwaka 1979 alikuwa beki wa kushoto wa Nottingham Forest, chini ya Clough huyohuyo, walipotwaa Kombe la Ulaya.

North Shields walilichukua Kombe la Ridhaa 1969. Miaka mitano baadaye, 1974, chama cha soka kilifuta tofauti kati ya mchezaji wa ridhaa na wa kulipwa, na kombe lenyewe likafika mwisho.

Hatua kuu kwa mwaka

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1889 | Mkutano wa Durham, 25 Machi. Klabu kumi zaanzisha ligi |
| 1890 | Darlington St Augustine's mabingwa wa kwanza |
| 1892 | Newcastle East End yachukua jina la Newcastle United |
| 1899 | Middlesbrough waondoka kwenda Football League |
| 1909, 1911 | West Auckland washinda kombe la Lipton, Torino |
| 1928 | Mamia ya wachezaji wa Durham wafungiwa kwa malipo ya siri |
| 1954 | Crook Town na Bishop Auckland, fainali ya mechi tatu |
| 1955–1957 | Bishop Auckland, Makombe ya Ridhaa matatu mfululizo |
| 1974 | Mwisho wa Kombe la Ridhaa |
| 1978 | Blyth Spartans wafika raundi ya tano ya Kombe la FA |
| 1982 | Daraja la pili laanzishwa upya |
| 1991 | Ligi yaingia rasmi kwenye mfumo wa kupanda na kushuka |
| 2009–2011 | Whitley Bay, makombe matatu mfululizo ya FA Vase |
| 2013 | Darlington mabingwa. Spennymoor Town washinda FA Vase |
| 2017 | South Shields watwaa mataji manne katika msimu mmoja |
| 2021 | Hebburn Town na Consett, fainali ya FA Vase bila mashabiki |

Mlango ulioachwa wazi nusu, 1974–1996

Blyth Spartans, wa bandari ya makaa ya mawe kaskazini ya Newcastle, ndio walioikumbusha nchi kwamba ligi bado ipo. Katika Kombe la FA la 1977–78 waliwatoa Stoke City 3–2 kwenye uwanja wa Stoke, wakaingia raundi ya tano, hatua ambayo timu zisizo za Football League huifikia kwa nadra sana. Ugenini Wrexham, dakika za mwisho, Blyth wanaongoza 1–0. Kona ikapigwa na mabeki wakaiondoa. Mwamuzi akaamuru irudiwe, kwa sababu kibendera cha kona kilikuwa kimeanguka kwenye ardhi iliyoganda kwa baridi. Iliporudiwa, Dixie McNeil akasawazisha. Marudiano yalichezwa St James' Park mbele ya watu 42,167, huku maelfu wakibaki nje ya milango. Wrexham wakashinda 2–1. Blyth wangeshinda, raundi iliyofuata wangewakaribisha Arsenal.

Wakati huohuo soka la madaraja ya chini lilikuwa likijengwa upya. Northern Premier League ilikuwa imeanza 1968, na 1979 ikaanzishwa ligi ya taifa juu yake. Mfumo ulikuwa unajipanga mithili ya ngazi, na Northern League ikaombwa iwe moja ya vipago vyake. Viongozi walikataa. Walihesabu kilomita: timu ya Tow Law ikipanda ingelazimika kuvuka milima kwenda Lancashire katikati ya wiki, na wachezaji wake ni watu wa kazi. Hesabu hiyo haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwingine, kwamba klabu zenye hamu ya kupanda ziliona hazina pa kupitia, zikaanza kujiondoa moja moja. Bishop Auckland wenyewe waliondoka 1988.

Mwaka 1982 ligi ilianzisha upya daraja la pili, ikafungua mlango kwa timu za vijiji vingine, na 1991 hatimaye ikaingia kwenye mfumo wa taifa. Ilikuwa imechelewa. Ligi iliyokuwa juu kabisa ya soka la ridhaa ilijikuta ikipangwa chini ya ligi changa zilizowahi kuingia mapema, na nafasi hiyo haijarudi hadi leo.

Tow Law yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Uwanja wake uko Ironworks Road, juu ya kilima ambako upepo haupumziki na theluji hufika kabla ya kwingine. Timu za mabondeni zilizoea kufika hapo zikiwa zimevaa nguo mbili mbili chini ya jezi. Mwaka 1967, katika Kombe la FA, Mansfield Town wa Football League walipanda kilima hicho wakafungwa 5–1. Na ni hapo Newcastle United walipomchukua Chris Waddle mwaka 1980 kwa pauni 1,000. Alikuwa kijana wa kiwanda cha viungo vya soseji. Miaka kumi baadaye alikuwa akiichezea Uingereza nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Wembley kila Mei, 1996–2018

Mike Amos, mwandishi wa gazeti la The Northern Echo, alikaa kwenye kiti cha uenyekiti kuanzia 1996 hadi 2016. Ni miaka 20 ambayo ligi ilirudisha imani yake. Aliandika juu ya vijiji hivyo kama mtu anayevipenda, na alisimamia msimamo wa kale kwamba timu isione aibu kubaki karibu na nyumbani.

Matokeo yalionekana katika FA Vase, kombe la taifa la klabu za ngazi hii. Whitley Bay, waliokwishalitwaa 2002, walishinda tena 2009, 2010 na 2011. Katika fainali ya 2010, waliyowafunga Wroxham 6–1, Paul Chow alifunga bao la kwanza sekunde ya 21. Dunston UTS wakafuata 2012, Spennymoor Town 2013, North Shields 2015, Morpeth Town 2016, South Shields 2017. Kuanzia 2009 hadi 2018 hakuna fainali hata moja iliyokosa timu ya Northern League, na katika fainali hizo kumi timu zake zilishinda nane. Sababu haikuwa muujiza. Klabu bora, kwa kukataa kupanda, zilibaki zikikamiana zenyewe kila Jumamosi, na ligi ikawa kali kuliko daraja ililopangiwa. Wapinzani wa kusini walilalamika kwamba timu hizo zilistahili kuwa juu zaidi, na kwa haki kabisa walikuwa na hoja.

Msimu wa 2012–13 ndio unaokusanya mambo yote haya mahali pamoja. Darlington, mwanzilishi wa 1889, walikuwa wamefilisika. Uwanja wao wenye viti 25,000, uliofunguliwa 2003 kwa ndoto zilizozidi kipato, uliachwa. Mashabiki walichanga fedha wakaiokoa timu, lakini chama cha soka kikaihesabu kuwa klabu mpya, kikaidai jina jipya, Darlington 1883, na kuishusha madaraja manne. Ikaangukia Northern League. Haikuwa na hata uwanja mjini mwake, ikaomba hifadhi Heritage Park, kwa Bishop Auckland, ambao nao walikuwa wamerudi kwenye ligi tangu 2006.

Vijiji viliwapokea. Kila mahali Darlington walipokwenda walifuatwa na mashabiki wengi kuliko walivyozoea wenyeji, na viingilio vya alasiri moja viliweza kulipia gharama za klabu ndogo kwa wiki kadhaa. Uwanjani hawakuhurumiwa. Spennymoor, mabingwa wa misimu mitatu iliyotangulia, waliwakimbiza katika majira ya mvua na baridi yaliyoharibu ratiba. Katika mechi 46 Darlington walishinda 40, wakatoka sare mbili na kupoteza nne. Pointi 122. Spennymoor walikosa ubingwa, ila tarehe 4 Mei 2013 walikuwa Wembley wakiwafunga Tunbridge Wells 2–1 mbele ya watu 16,751, kwa mabao ya Gavin Cogdon na Keith Graydon.

Darlington walipanda mara moja. Mwaka 2017 waliruhusiwa kulitumia tena jina lao la zamani.

South Shields walifuata njia ya aina hiyo. Walikuwa wakicheza uhamishoni Peterlee, wakarejeshwa Mariners Park 2015, wakamsajili Julio Arca, Muajentina aliyewahi kuchezea Sunderland na Middlesbrough. Msimu wa 2016–17 walitwaa ubingwa wa ligi, kombe la ligi, kombe la kaunti ya Durham na FA Vase, wakishinda mechi 32 mfululizo. Arca alikuwa nahodha siku walipowafunga Cleethorpes Town 4–0 Wembley.

Huduma na hali ya sasa

Janga la korona liliufuta msimu wa 2019–20 ukiwa unakaribia mwisho. Fainali ya FA Vase ya msimu huo ilichezwa tarehe 3 Mei 2021, Hebburn Town wakiwafunga Consett 3–2. Zote mbili ni za Northern League, na Wembley ilikuwa tupu. Kwa miji miwili iliyosubiri maisha yote kuiona siku hiyo, ilikuwa furaha iliyokatwa nusu.

Leo ligi ina madaraja mawili, la tisa na la kumi katika mfumo wa Uingereza. Mabingwa hawana tena hiari ya kukataa kupanda, na vikosi kama vile vya Whitley Bay na Spennymoor haviwezi tena kukaa pamoja miaka mingi. Mdhamini wa miaka ya karibuni amekuwa Ebac, kiwanda cha Newton Aycliffe kinachotengeneza mashine za kuondoa unyevu nyumbani, kampuni ya eneo hilohilo.

Kazi yenyewe inabebwa na watu wa kujitolea. Katika kila klabu yupo katibu anayejibu barua za ligi usiku akishatoka kazini, mtunza uwanja anayechota maji kwa ndoo asubuhi ya mechi, mama wa kibanda cha chai na pai za nyama, na mtu wa mlangoni mwenye kisanduku cha chenji. Wachezaji hufanya mazoezi jioni mbili kwa wiki. Timu za vijana na za wanawake zimeanzishwa chini ya majina hayohayo ya zamani, na katika vijiji ambavyo mgodi, shule na kituo cha reli vilifungwa, uwanja wa mpira umebaki kuwa mahali pa kukutania.

Msomaji aliyepo Newcastle, Durham au Sunderland kwa masomo au kazi hahitaji kutafuta tiketi ya St James' Park miezi kadhaa mapema. Mechi za Northern League huchezwa Jumamosi saa tisa alasiri, mlangoni unalipa na kuingia, na mgeni hupokewa vizuri. Aende Crook, aende Shildon, aende Tow Law akiwa na koti zito.